Lenzi Ikauke Kwanza

Sista Tekla wa kliniki ya macho Lindi aliitoa lenzi kwenye jicho langu la kushoto kwa kikoleo chembamba, akailaza juu ya bandeji nyeupe, akanisogezea upande wa jicho la kulia ili niione. Ilikuwa ya rangi ya asali. Ukingoni ilikuwa na pengo dogo, umbo la ncha ya ukucha.

"Mama, hii umeinunua wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshaijua. Lile pengo nililitia mimi, kwa ukucha wa kidole changu cha shahada, siku nilipoikwangua kutoka kwenye sinki la chumba namba sita. Takataka niliyoizoa kwa mkono wangu ilikuwa imezunguka hapa hapa Masoko, ikatoka kwangu ikaenda kwa watu, ikarudi kulala ndani ya jicho langu. Maumivu nilikuwa nayo siku ya tatu, maumivu ya kutaka kugonga kichwa ukutani, lakini dakika ile sikuyasikia. Nilisikia aibu. Sista akadhani nalilia jicho.

Naitwa Somoe. Nimefanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Kilwa Masoko miaka kumi na minne, na sasa nimestaafu. Au niseme jicho limenistaafisha, maana umri bado. Shule niliishia darasa la tatu. Haya naandika mwenyewe, mstari unapanda na kushuka kama barabara ya Singino, na binti yangu Rehema ananinyooshea herufi. Nawaandikia nyie mnaoanza kazi hizi. Mnapewa ndoo, ufagio na sare, mnaambiwa ingieni, basi. Hakuna anayewaeleza habari za lenzi. Mimi nilielezwa, tena na watu wazuri, na ninaowashukuru ni wengi kuliko ninaowalaumu. Ninaowalaumu ni watatu tu. Nitawataja kwa majina, na mmoja wao ni mimi.

Kwanza mjue ni kitu gani. Lenzi ni kijigamba kilaini ambacho mtu anakibandika juu ya mboni badala ya kuvaa miwani. Wiki yangu ya kwanza kazini nilizikuta zimekaukia kwenye sakafu ya bafu nikajua ni magamba ya samaki, nikamsengenya mgeni wa watu kwa wenzangu kwamba anapara changu bafuni. Ziko za siku moja, zinakuja ndani ya vikopo vidogo vya plastiki vyenye kifuniko cha karatasi ya bati, mtu anavaa asubuhi anatupa jioni. Ziko za mwezi, hizo mwenyewe analala amezilaza kwenye kijisanduku chenye vyumba viwili, kushoto na kulia, ndani kuna dawa. Asiye na kijisanduku analaza kwenye glasi. Na hapo kwenye glasi ndipo mimi nilipoanzia masomo yangu.

Alikuja mama mmoja mrefu, mwalimu kwao Ulaya, aliyewahi kufundisha Masasi zamani, Kiswahili anacho cha kutosha kukugombeza. Sote tulimwita Mwalimu. Asubuhi ya safari yake ya kwenda kuona magofu ya Kisiwani aliniita chumbani akiwa anapapasa kitanda.

"Somoe, ile glasi ya maji iko wapi?"

"Nimeiosha, Mwalimu. Ilikuwa na vumbi."

"Na maji yake?"

"Nimemwaga."

"Umemwaga macho yangu, Somoe."

Nikacheka, nikidhani utani. Yeye hakucheka. Nilipoelewa niliiona kazi imeshaondoka, maana nilikuwa na miezi miwili tu kazini na Rehema ndiyo kwanza anaanza shule. Nikakimbia nyuma ya jiko kumwita Mzee Nandonde.

Huyu Mzee Nandonde alikuwa mtunza bustani na mshughulikiaji wa taka zote za hoteli. Mmakonde wa Newala, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mtu wa maneno machache na ndevu nyingi. Alikuja na spana yake, akaweka ndoo chini ya sinki, akafungua ile kona ya bomba. Kilichotoka humo sikisemi, mnaweza kuwa mnakula. Alikichambua kwa mikono yake kama mtu anayechambua mchele, na katikati ya nywele na sabuni akaipata moja. Nzima kabisa.

"Jicho moja hili hapa," akasema. "Lingine limeshatangulia Kisiwani."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu. Lakini Mzee alipotaka kuisuuza amrudishie, alikataa kwa mkono. Maneno yake nayakumbuka kama nilivyoyasikia: "Ahsante Mzee, lakini hii haiingii tena jichoni mwangu, wala kwa mtu mwingine yeyote. Maji ya bomba yameshaigusa. Kazi yake imekwisha." Akatufundisha wote wawili pale pale, yeye kwenye sakafu, sisi tumechuchumaa, kwamba lenzi haitupwi kwenye sinki wala chooni, kwa sababu haiozi. Inakatikakatika vipande vidogo, inapita kwenye shimo, inaingia baharini, samaki wanaila.

"Kumbe," akasema Mzee Nandonde. "Ndiyo maana pweza wa siku hizi hawakamatiki. Wanatuona tungali mbali."

Mwalimu alikwenda Kisiwani na miwani yake ya akiba iliyovunjika mkono mmoja, ameifunga kwa upindo wa kanga yangu niliyoichana. Aliporudi hakunisemea kwa mtu. Angenisemea, leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Namshukuru mpaka kesho. Aliponiaga aliniachia miwani ile mbovu kama kumbukumbu, ninayo, ingawa kwa jicho langu haifai kitu.

Tangu siku ile Mzee akaichukua lenzi kama kazi yake maalumu. Wenzetu wengine walimcheka, maana takataka yenyewe ukiipuliza inapotea, lakini yeye alisema kitu kidogo ndicho kinachopita kila tundu. Utaratibu wake ulikuwa huu, na nataka muushike.

Ukiingia chumbani, kabla hujafungua maji, angalia sinki, ukingo wa beseni, na sakafu karibu na kioo. Ukiiona lenzi usiisukume kwa maji. Iokote. Kama imeng'ang'ania, iwekee tone la maji ilegee, halafu itelezeshe kwa nyama ya kidole, siyo kwa ukucha. Kwenye chombo chochote cha mgeni, kikombe, glasi, kifuniko cha chupa, usimwage hata kama unaona maji matupu, mpaka mwenyewe aseme. Vikopo vya za siku moja, ng'oa ile karatasi ya bati kuanzia kwenye ulimi wake, ivute taratibu, ukiirukia inachanika na kubaki nusu. Karatasi za bati zifinyange pamoja ziwe donge, zinakwenda na makopo ya soda. Vikopo visuuze, vichomeke kimoja ndani ya kingine mpaka viwe kama fimbo, maana vikitawanyika mnunuzi wa plastiki wa Nangurukuru hataki hata kuviangalia. Chupa za dawa ya lenzi, kifuniko mbali, chupa mbali, ni plastiki mbili tofauti. Na chupa hizo msipeleke nyumbani kuwekea mafuta ya taa. Jirani yangu alifanya hivyo, mkwewe aliyekuja kutembea akaiona ina picha ya jicho, akajidondoshea machoni. Alipona, lakini hakuja tena kutembea.

Lenzi zenyewe hazina mnunuzi, si Nangurukuru, si Lindi. Hizo Mzee alizitandaza juu ya kipande cha bati nyuma ya jiko, juani, amekizungushia wavu wa chandarua kuukuu. Zikikauka zinakuwa ngumu na kujikunja, ukizitikisa zinalia. Hapo anaziponda kwa vidole mpaka ziwe kama chenga za chumvi, ndipo anazitia kwenye chupa ya maji, pamoja na mifuko na vipande vya plastiki visivyonunulika, anashindilia kwa mti mpaka chupa iwe ngumu kama tofali. Kwa chupa hizo na udongo alijenga benchi ambalo wafanyakazi tulikaa kunywea chai. Tuliliita Benchi la Macho. Mtu mgeni akikaa tunamwambia, "Kaa kwa adabu, unaonwa."

Siku moja Mzee alikuwa likizo, mimi kwa kutaka kumfurahisha nikashindilia lenzi mbichi, moja kwa moja kutoka vyumbani. Aliporudi chupa ilikuwa imeota ukungu na inanuka kama kisima kilichofiwa na chura. Hakunigombeza. Alinikalisha akaifungua chupa mbele yangu, akatoa moja, bado laini, akaivuta ikavutika.

"Unaona, Somoe? Hii bado hai. Hii mtu anaweza kuivaa."

"Nani avae kitu cha jalalani, Mzee?"

"Simjui. Ndiyo maana naikausha."

Mimi nikajua shida yake ni harufu. Miaka yote ile nilikausha lenzi nikijua nakimbia harufu na ukungu. Maneno yake ya pili yalinipita, na yalipokuja kunirudia, nilikuwa kwenye kiti cha Sista Tekla.

Mzee alistaafu akarudi Newala kwenye mikorosho yake. Tukabaki na meneja mpya, Haruni. Huyu ndiye wa kwanza kumtaja. Haruni alipenda hoteli ionekane kwenye picha. Alilikuta bati letu, akauliza, "Huu uganga ni wa nani?" Nikamweleza. Akasema wageni wakipita huku nyuma watadhani tunaanika dagaa. Bati likatolewa, wavu ukatolewa, akaamuru kila kitu kitiwe kwenye shimo kichomwe. Benchi alilibakiza kwa sababu lilikuwa zito. Bati mimi nikalichukua nyumbani. Lakini nyumbani ni mbali na vyumbani, na kuanzia hapo lenzi zikakosa mahali pa kukaukia. Nikawa naziweka kwenye kopo la jamu lenye maji, ili zisipeperuke mpaka nipate nafasi ya kuzibeba. Maji ya bomba, yale yale aliyotuonya Mwalimu.

Wa pili ni Mama Shani, mpambaji wa maharusi, mwenye saluni karibu na soko. Tulikuwa mashoga wa kuitana kutoka mlango wa pili. Yeye alianza kwa kuniomba vikopo vitupu vya lenzi za siku moja, anatilia unga wa kung'arisha kope na rangi za kucha, kila rangi kikopo chake. Wazo zuri, nililipenda, nililisifia. Kikopo kilichooshwa hakina ubaya. Na mimi nilikuwa na jambo langu: Rehema alikuwa ameposwa na Bakari, kijana wa Miteja anayelima ufuta, na harusi ilipangwa baada ya korosho. Mama wa bibi harusi mfagiaji vyumba, mjane, mnajua wenyewe anavyolala na kugeuka. Nilitaka mwanangu apambwe kama watoto wa wenye nazo.

Kabla ya msimu wa harusi wakaja wageni kutoka Dar, maharusi na wasimamizi wao, kupiga picha ufukweni. Wote wana macho ya rangi, huyu asali, huyu kijivu, ukiwatazama unasahau salamu. Walipoondoka waliacha lenzi zao, nyingine sinkini, nyingine kwenye vijisanduku. Jozi nne za rangi. Nikazikusanya kwenye kopo langu la jamu. Hiyo moja ilikuwa imeng'ang'ania, nikaikwangua kwa ukucha. Haraka ya kazi.

Jioni nikapita saluni na vikopo vya Mama Shani, akaliona kopo.

"Shoga, hizo zinazoelea ni nini?"

"Macho ya watu wa Dar."

"Haa! Za rangi! Nipe mie."

"Za kutupwa hizo. Zishavaliwa."

"Kwani nimesema navaa? Nitaziweka kwenye kioo ziwe sampuli, mteja achague rangi, ndiyo niagize mpya." Akanishika bega. "Na Rehema wako nampamba mie. Singo, hina, piko, uso, kila kitu. Zawadi yangu. Usiniambie ahsante, mwana wako ni mwanangu."

Nilijua. Msije mkasema Somoe hakujua. Maneno ya Mwalimu yalikuwa hapa masikioni, wala kwa mtu mwingine yeyote. Bati la Mzee lilikuwa nyumbani limeegemea ukuta. Ningesema tu, ngoja nizikaushe kwanza, sampuli hata ikiwa kavu rangi inaonekana. Zikikauka zikapondeka hakuna wa kuzivaa. Sikusema. Niliiona hina mikononi mwa mwanangu, nikamkabidhi kopo na maji yake. Ndiyo maana nikasema mimi ni wa tatu.

Siku ya harusi saluni ilijaa. Rehema amekaa kwenye kiti, anang'aa, mie nimesimama nyuma namtazama kwenye kioo natamani babake angekuwepo. Mama Shani akafungua kijisanduku.

"Sasa bibi harusi, macho."

"Macho yamefanya nini?" Rehema akauliza.

"Nakuvika ya asali. Mpya hizi, zimetoka Dar juzi."

"Mimi sitaki. Bakari ananijua kwa macho haya haya. Akifunua shela akakuta mtu mwingine si atarudi Miteja?"

Saluni nzima ikacheka. Mama Shani akambembeleza, mie nami, mama mtu mzima, nikambembeleza. Akakataa katakata. Ukaidi wake huo nilikuwa naulalamikia tangu ana miaka miwili, na kila swala sasa naushukuru. Mwenyezi Mungu angempa mwanangu utiifu siku ile, yeye ndiye angekuwa wa jicho moja.

Mama Shani akanigeukia. "Basi mama yake. Leo uonekane dada wa bibi harusi. Angalia juu."

Na mimi nikaangalia juu. Alisema mpya, nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini, na kwa sababu watu walishaanza kunishangilia. Kule ukumbini waliniambia nimependeza. Na nilipendeza kweli, picha ninayo.

Jioni ya kulia ilitoka. Ya kushoto ikagoma. Nikampigia Mama Shani, akasema itatoka yenyewe, nisuuze kwa maji ya chumvi, na nisiwasumbue watu na harusi yao. Nikasuuza kwa maji ya kisima. Kesho yake jicho lilikuwa jekundu, keshokutwa kwenye mboni pameota doa jeupe, mwanga wa mlango tu unanichoma kama sindano. Mama Shani hakupokea tena simu.

Aliyekuja ni Bakari. Siku ya tatu ya ndoa, fungate halijafika hata nusu, Rehema kamwambia mama haoni, akapanda pikipiki yake, mkewe nyuma. Sasa nyie vijana wa leo hamjali, lakini kwetu sisi mkwe hamshiki mkwe. Mimi hata sahani simpokei mkono kwa mkono. Na kutoka Masoko mpaka Nangurukuru kwenye basi la Lindi, nyuma ya pikipiki, jicho limefungwa kanga, usipomshika dereva utamwagika njiani.

"Mama, nishike," akasema, anaangalia pembeni.

"Sikushiki, baba."

"Utaanguka."

"Acha nianguke, lakini sikushiki."

Rehema ndiye aliyeleta mto wa harusi, ule mpya wenye mashada ya maua, akauweka katikati yetu, akanifunga mimi na mto kwa kanga moja kuzunguka kiuno cha mumewe. Tukaenda hivyo. Watu wa njiani wakasimama kutazama. Bakari hakugeuka nyuma hata mara moja, kwa heshima, akawa ananiuliza tu kila baada ya kilima, "Mama, upo?" Nami namjibu, "Nipo, baba." Akapanda na mimi basi, akakaa kiti cha nyuma yangu, tukafika Lindi kliniki inakaribia kufunga. Sista Tekla alikuwa ameshavua koti lake la kazi. Alinitazama mara moja, akalivaa tena.

Nimeshawaambia alichokitoa. Jicho la kushoto halikupona. La kulia nalo lilishaanza kuwa jekundu, na hilo alilipigania wiki tatu, matone kila saa, anakuja hata siku zake za mapumziko. Siku aliponifungua kitambaa nikaona vidole vyake vitano nikavihesabu kwa sauti, yeye ndiye aliyelia. Nilimweleza kila kitu. Kopo, maji, sinki, ukucha. Nilitegemea matusi. Alisema, "Mama, maji ya bomba au ya kisima yana vidudu ambavyo lenzi inavibeba na kuvilaza juu ya jicho. Wewe hukujua." Nikamwambia, "Nilijua nusu." Akasema, "Basi wafundishe wenzio nzima." Haya ndiyo mafunzo hayo.

Nikampigia Mzee Nandonde Newala. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, nikamsimulia mpaka mwisho. Nasikia kuku wake kwenye simu. Halafu akauliza swali moja.

"Zilikuwa zimekauka?"

"Hapana, Mzee. Nilimpa mbichi."

"Pole, mwanangu," akasema. Wiki ile ile akaniletea kwa basi gunia dogo la korosho, na ndani yake amenitumia mti wake wa kushindilia chupa. Ameulainisha kwa miaka, unateleza mkononi kama mwiko.

Haruni alinipa barua. Imeandikwa kwamba nimeachishwa kwa kuchukua mali ya hoteli. Taka alizoamuru zichomwe, siku zilipoingia jichoni mwangu zikageuka mali. Haruni nakutaja hapa. Ulituondolea bati, na bati lile lingekuwepo, zile lenzi zingekauka siku hiyo hiyo. Lakini na wewe sikuwekei kinyongo cha maisha. Wenzangu wa vyumbani waliposikia walilikalia Benchi la Macho asubuhi nzima, hawakuingia kazini mpaka ulipokubali kunilipa haki yangu. Nawashukuru mmoja mmoja, na siwataji kwa sababu bado wako hapo.

Mama Shani ndiye bado tuna jambo.

Nilipotoka Lindi nilikwenda saluni kwake, Rehema amenishika mkono. Alikuwa anamsuka mtu. Aliponiona alisema kwa sauti kubwa, "Karibu shoga! Mashallah, umepungua mwili, umependeza!" Nikamwambia sikuja kupendeza. Nikamwuliza zile jozi nyingine tatu ziko wapi.

"Jozi zipi?"

"Nilikuletea nne. Moja ulinivika mimi, ya kushoto Sista kaitoa. Tatu ziko wapi?"

"Somoe, usiniharibie biashara mbele za wateja."

"Ulimvika nani?"

"Mimi siri ya mteja siitoi. Wote walitoka hapa na macho yao mazima."

"Hata mimi nilitoka hapa na macho mazima," nikamwambia.

Yule aliyekuwa anasukwa akainuka na nusu ya kichwa, akaondoka. Na juu ya meza, chini ya kioo, mimi kwa hili jicho moja nilikiona kile kijisanduku. Kimefungwa. Mama Shani akakifunika kwa taulo.

Msimu huu wa korosho harusi zimerudi. Nasikia mabinti wanasifiana macho ya asali. Sista Tekla ameniambia vidonda vingine vinaanza pole pole, na mwenye jicho linalouma, linalotoa machozi au linaloogopa mwanga akiwahi, anaokoka. Kwa hiyo binti unayesoma hapa, kama ulipambwa pale, usione aibu, nenda Lindi, mtaje Somoe, utapokelewa. Lakini wengi hamtasoma. Wengi mmeshaolewa mbali, Miteja, Songo Songo, huko mashambani, na mkiumwa mnaambiwa ni jicho la hasidi. Anayejua majina yenu ni mtu mmoja tu.

Mimi kosa la kwangu nimelikiri. Nimelisema mbele ya Sista, mbele ya mwanangu na mkwe wangu, na sasa mbele ya kila atakayeshika karatasi hii. Sitaki fidia, sitaki kuombwa radhi. Lile bati la Mzee Nandonde nimelitandika mbele ya mlango wangu, wavu nimeushona upya, na jua la Masoko mnalijua. Mama Shani, kilete kijisanduku, ukifungue watu wakiona, zikauke, nizivunje kwa vidole vyangu. Na zikiwa zinakauka, ukae hapo kwenye kigoda, utaje ulimvika nani.